Ugonjwa wa Mkojo Unaomrudia Mbwa: Je, Ni Chakula?



Kwenye mikutano ya vikundi vyetu tunazungumza sana juu ya ng'ombe wa maziwa, mbuzi na kuku. Mbwa hatajwi. Lakini ukiuliza ni nani anayelinda hao kuku na mbuzi usiku, jibu ni moja tu: ni mbwa. Yeye hayumo kwenye daftari la kikundi, mshahara hana, na chakula chake ni makombo yaliyobaki kwenye sufuria. Akiugua, wengi wetu husema, "Wacha, ni mbwa tu, atapona."

Kuna ugonjwa mmoja ambao haumwachi mbwa apone hivi hivi. Ni ugonjwa wa njia ya mkojo. Tena una tabia mbaya: unatibiwa, unatulia, halafu baada ya muda unarudi. Wanachama kadha wametuuliza swali hili hili: "Mbwa wetu alidungwa sindano akapona. Baada ya miezi mitatu ikarudi, akadungwa tena. Sasa imerudi mara ya tatu. Je, ni chakula tunachompa?"

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Chakula peke yake kwa kawaida hakileti viini vya ugonjwa huu, na chakula peke yake hakiviui. Lakini ukosefu wa maji na ulishaji mbaya huvifungulia mlango. Na ugonjwa ukirudi tena na tena, maana yake kuna sababu iliyojificha ambayo sindano haikuigusa. Hiyo ndiyo ya kutafutwa.

Ugonjwa unavyoingia

Figo za mbwa huchuja damu kama zetu zinavyofanya. Uchafu na maji yasiyohitajika huteremka kwenye kibofu, hukaa humo, kisha hutoka kwa mrija wa mkojo. Mbwa anapokojoa vizuri mara kadha kwa siku, mkojo huosha njia yote, kama vile maji ya mvua yanavyosafisha mtaro.

Viini vinavyoleta ugonjwa huu ni bakteria. Wanaopatikana zaidi ni wale waitwao E. koli, ambao makao yao ni matumbo na hutoka na kinyesi. Kwa hiyo hawatoki mbali. Hutoka kwa mbwa mwenyewe, hupanda kwa nje, huingia kwenye mrija na kufika kibofuni. Mbwa jike hushikwa zaidi kuliko dume kwa sababu mrija wake ni mfupi na mpana.

Basi, ndugu zangu, tusiseme mbwa amerogwa, wala tusiseme amelishwa kitu na jirani. Njia ya ugonjwa huu inajulikana.

Dalili za kuangalia

- Anakojoa mara nyingi, lakini kila mara ni kidogo tu.
- Anachuchumaa muda mrefu, anakaza, pengine analia.
- Mkojo una damu, umevurugika, au unanuka vikali kuliko kawaida.
- Analamba sehemu za siri kila wakati.
- Mbwa aliyezoea kwenda mbali sasa anakojoa mlangoni au pale pale anapolala.

Mara nyingi mbwa mwenye ugonjwa wa kibofu peke yake bado anakula na anatembea. Akiacha kula, akitapika, akiwa na joto jingi au mgongo ukimuuma, huenda ugonjwa umeshapanda hadi kwenye figo. Hapo hakuna kungoja kesho kutwa.

Si kila mkojo mwekundu ni ugonjwa wa kibofu

Hapa ndipo pesa za watu wengi hupotelea. Mtu anaona wekundu, anakimbia kwenye duka la dawa za mifugo, anauziwa dawa ya kibofu, kumbe ugonjwa ni mwingine kabisa. Hebu tuangalie mambo matano yanayofanana na ugonjwa huu.

1. Homa ya kupe. Mkojo huwa mwekundu mzito au rangi ya kahawa. Mbwa ni mnyonge, ana joto, na ukifunua mdomo unaona ufizi umekuwa mweupe. Huu huua haraka na dawa yake si ile ya kibofu.

2. Vitunguu. Mchuzi wenye vitunguu vingi, au vitunguu saumu, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mkojo unaweza kuwa mweusi-mwekundu. Hapa kweli chakula ndicho chenye makosa.

3. Mbwa jike aliye kwenye joto. Hutoa damu kwa siku kadha. Hiyo ni kawaida yake.

4. Uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana. Mbwa wanaozurura huupata sana. Damu hudondoka kutoka sehemu za siri hata wakati hakojoi. Unatibika ukipelekwa kwa daktari.

5. Usaha kwenye mji wa mimba. Huja wiki kadha baada ya jike kutoka kwenye joto. Anakunywa maji mengi mno, anakataa chakula, pengine anatoa uchafu wenye harufu. Huu ni wa kufa na kupona, na lazima afanyiwe upasuaji au matibabu ya haraka.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua chochote, mwangalie mbwa vizuri: ufizi, kupe, sehemu za siri, na namna anavyokojoa. Mweleze daktari yote uliyoyaona.

Kwa nini unarudi?

Mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa mifugo uliotolewa mwaka 2019 unasema kwamba ugonjwa huu ni wa kurudia-rudia kama umemshika mbwa mara 3 au zaidi katika miezi 12, au mara 2 au zaidi katika miezi 6. Mbwa akifikia hapo, kazi ya daktari si kutibu tu. Ni kuuliza: kwa nini?

Sababu zinazojulikana ni kama hizi:

- Mawe kwenye kibofu au figo. Viini hujificha ndani ya jiwe ambako dawa haifiki vizuri. Dawa ikiisha, vinatoka tena.
- Dawa isiyofaa kiini kilichopo, au kipimo kilichokatwa nusu kwa sababu mbwa alionekana amepona.
- Kisukari. Mbwa hunywa maji sana, hukojoa sana na hukonda huku anakula.
- Ugonjwa wa figo, ambao hufanya mkojo kuwa mwepesi na dhaifu.
- Tezi dume yenye ugonjwa, kwa mbwa dume ambaye hajahasiwa.
- Jike anayevuja mkojo bila kujua, hasa baadhi ya waliofungwa kizazi, au mnene mwenye ngozi iliyokunjamana sehemu za siri.
- Dawa za mwasho za jamii ya steroidi zikitumiwa kwa muda mrefu. Hizi hupunguza nguvu ya mwili kupigana na viini.

Angalieni orodha hiyo. Hakuna hata moja linaloondolewa kwa kurudia sindano ile ile. Ni kama nyumba inayovuja: unaweza kupanguza sakafu kila asubuhi, lakini bati bado lina tundu.

Chakula kinahusika vipi?

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Chakula na maji vinahusika kwa njia nne.

Ya kwanza ni maji. Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Mbwa asiyepata maji ya kutosha hukojoa mkojo mzito, tena mara chache. Viini hupata nafasi ya kuzaana, na madini yaliyo kwenye mkojo hukutana na kugandamana kuwa mawe. Mbwa wa kilo 15 huhitaji kama robo tatu ya lita hadi lita moja kwa siku, pamoja na maji yaliyo ndani ya chakula. Wakati wa jua kali, au jike akiwa ananyonyesha, anahitaji zaidi. Sasa tujiulize kwa ukweli: ni boma ngapi kijijini kwetu zenye chombo cha maji cha mbwa? Wengi hunywa kwenye dimbwi au hungoja mvua. Tunajua maji huchotwa mbali, na mama anayebeba mtungi kilomita tatu hawezi kuyamwaga ovyo. Lakini maji yaliyosuuza mboga yanamfaa, na hata yale yaliyochemshia omena ni mazuri kwake ikiwa hayana chumvi wala vitunguu.

Ya pili ni mawe. Mawe si ya aina moja. Yapo yanayoitwa struvaiti. Kwa mbwa, haya mara nyingi huletwa na ugonjwa wenyewe: baadhi ya bakteria huvunja uchafu wa mkojo, mkojo unakuwa wa kimagadi, na madini yanaganda. Yapo ya kalsiamu oksaleti, ambayo hayahitaji bakteria. Halafu yapo ya silika, na haya yanatuhusu sisi. Mwaka 1977 jarida moja la Uingereza la madaktari wa wanyama wadogo lilieleza juu ya mawe ya silika yaliyopatikana kwenye figo za mbwa wa hapa Kenya. Silika ndiyo ile iliyomo kwenye mchanga, na imo pia kwenye maganda ya nafaka. Wataalamu huyahusisha mawe haya na chakula chenye maganda mengi ya mimea na tabia ya kula udongo. Tufikirie basi mbwa wetu, anayelishwa pumba, na chakula chake kinamwagwa chini kwenye vumbi. Anapolamba ugali, analamba na mchanga.

Ya tatu ni aina ya chakula. Mbwa anayekula nyama au samaki kwa kawaida mkojo wake huwa na ukali wa asidi. Anayekula nafaka na mboga tupu, mkojo huelekea kwenye umagadi, na huko ndiko mawe ya struvaiti hupenda kuganda. Haina maana kwamba ugali ni sumu. Ugali unampa nguvu. Lakini ugali mtupu kila siku, mwaka mzima, haumpi cha kujenga mwili, na mwili dhaifu haupigani vizuri na ugonjwa. Tena githeri na mboga zilizopikwa kwa magadi tusimpe, maana magadi huongeza hali hiyo hiyo na kumwongezea chumvi.

Ya nne ni unene. Hili ni la mbwa wa nyumba chache, hasa mijini, wanaokula vizuri na kufungwa siku nzima. Mbwa mnene hushikwa na magonjwa ya mkojo kwa urahisi zaidi.

Dawa za jikoni

Wengine hutumia ndimu au siki, wakisema asidi itaua viini. Nia ni njema, lakini haisaidii. Mbwa hapendi ukali huo, kwa hiyo anakunywa maji kidogo zaidi, na ugonjwa unazidi. Wengine humwongezea chumvi ili apate kiu. Hii ni hatari kwa mbwa ambaye figo zake zimeshaanza kuharibika, na kwa macho huwezi kujua. Huko mijini kuna unga na vidonge vya tunda la kranberi vinavyouzwa kwa ajili ya mkojo. Majaribio yaliyofanywa kwa mbwa hayajaonyesha kwa hakika kwamba vinazuia ugonjwa kurudi. Mwenye pesa kidogo afadhali azitumie kwenye kipimo.

Tumlishe vipi?

Hatuhitaji chakula cha dukani. Tunahitaji kubadili mambo machache.

1. Awe na chombo chake cha maji, kizito kisichopinduka. Sufuria kuukuu au karai lililokatwa linatosha. Kisafishwe na kujazwa asubuhi na jioni, kiwekwe kivulini.

2. Asile chini. Chakula kiwekwe kwenye chombo au juu ya bati safi. Hii haigharimu kitu.

3. Chakula kiwe cha majimaji. Kwa vikombe viwili vya ugali laini, ongeza kikombe kimoja cha omena waliochemshwa, au matumbo yaliyopikwa, au mayai, kisha mimina kikombe cha maji ya uvuguvugu. Mbwa hatakataa. Hivyo anakunywa bila kujua kwamba anakunywa.

4. Unga uwe uliopepetwa. Pumba tupu si chakula cha mbwa.

5. Vitu vya kichinjio vichemshwe mpaka viive. Maini na mapafu mabichi yenye malengelenge ya maji humpa mbwa minyoo ya tegu, na mayai ya minyoo hiyo humwingia mtu na kumletea uvimbe wa ndani. Ndugu zetu wa Turkana wanaujua ugonjwa huo kwa miaka mingi.

6. Mahindi yaliyooza asipewe. Tunakumbuka mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walivyokufa kwa sumu ya kuvu kwenye mahindi. Sumu hiyo hiyo huharibu ini la mbwa.

7. Mbwa wa kufungwa afunguliwe mara tatu au nne kwa siku akojoe. Yule anayefungwa kwa mnyororo tangu asubuhi mpaka usiku hulazimika kuzuia mkojo, na viini hufurahi.

Tahadhari moja. Mbwa ambaye daktari ameshampata na mawe asibadilishiwe chakula kwa kubahatisha. Chakula kinachosaidia jiwe la aina moja kinaweza kuzidisha la aina nyingine. Struvaiti linaweza kuyeyushwa kwa dawa pamoja na chakula maalum. Oksaleti na silika hayayeyuki, na mara nyingi hutolewa kwa kupasuliwa.

Juu ya dawa, tusikilizane

Dawa ya kuua bakteria inahitajika, lakini iwe ile inayofaa. Njia nzuri, hasa kwa ugonjwa uliorudi, ni mkojo kupimwa na viini kuoteshwa maabara ili ionekane ni dawa gani inaviua. Mkojo wa kuotesha ni vizuri utolewe na daktari mwenyewe kwa sindano kutoka kibofuni, maana ule unaokingwa chini huchanganyika na viini vya nje. Kama unatumwa kuukinga kwa uchunguzi wa kawaida, tumia chupa safi utakayopewa, kinga wakati mkojo umeshaanza kutoka, uweke mahali pa baridi, na uufikishe siku hiyo hiyo.

Daktari akiandika siku tano, mpe siku tano. Usikatize siku ya pili kwa sababu damu imekwisha. Pia usiongeze wiki mbili za kwako mwenyewe ukidhani nyingi ndiyo bora. Kwa ugonjwa wa kibofu wa kawaida, mwongozo ule wa 2019 unasema siku 3 hadi 5 kwa kawaida zinatosha.

Hili la dawa si la mbwa peke yake. Bakteria wanaoishi kwenye matumbo ya mbwa na wale wanaoishi kwenye matumbo ya watu wa boma hilo wanaweza kuambukizana. Tukiwazoesha dawa kwa sindano za kubahatisha, wanakuwa sugu. Kesho mama wa nyumba hiyo hiyo akishikwa na ugonjwa wa mkojo, au mtoto, dawa ya zahanati inaweza kushindwa. Kwa hiyo anayesema "ni mbwa tu" hajapiga hesabu vizuri.

Tena tusimpe mbwa dawa zetu za maumivu. Aibuprofeni na diklofenaki huharibu figo na tumbo la mbwa, yaani unaharibu kile unachotaka kuponya. Hata parasetamoli inaweza kumdhuru.

Mambo ya dharura

Mbwa anayekaza na hakuna hata tone linalotoka, hasa dume, yuko hatarini. Mrija wa dume ni mwembamba na unapita kwenye mfupa wa uume, na jiwe dogo hukwama hapo. Mkojo ukizuiliwa, sumu hurudi kwenye damu, na anaweza kufa kwa siku moja au mbili. Usimpe maji mengi ukidhani yatasukuma jiwe. Mpeleke kwa daktari mara moja, hata kwa mkokoteni au bodaboda.

Mbwa mwenye maumivu huuma hata mwenyewe. Mfunge mdomo kwa kitambaa kabla ya kumshika, lakini mwachie nafasi ya kupumua, na usimfunge kama anatapika. Hakikisha amechanjwa kichaa cha mbwa. Nchi yetu imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kwa ugonjwa huo kufikia mwaka 2030, na lengo hilo linaanzia bomani kwetu. Ukisafisha mkojo wake, nawa mikono kwa sabuni. Kuna kiini kiitwacho leptospira kinachotoka na mkojo wa wanyama na kumwingia mtu kupitia mkwaruzo.

Kikundi kinaweza kufanya nini?

Mtu mmoja kumwita daktari wa mifugo kutoka mjini ni gharama. Wanachama ishirini wakichangia nauli yake siku moja, kila mmoja anatoa kidogo, na daktari anapima mbwa wote, anachanja na kuangalia kupe. Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti. Kwa hiyo mwenyekiti au katibu aandike barua kwa ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo, aweke nakala kwenye faili ya kikundi, na afuatilie. Kabla ya kumlipa mtu yeyote anayejiita daktari, mwombeni awaonyeshe kibali chake cha kazi. Kwa sheria ya mwaka 2011, wanaotibu wanyama ni lazima wawe wamesajiliwa.

Tena kila mwenye mbwa awe na ukurasa mmoja kwenye daftari: tarehe aliyougua, dalili, dawa aliyopewa, siku ngapi, tarehe aliyopona. Ukurasa huo ndio utakaomwambia daktari kama huu ni ugonjwa mpya au ni ule ule uliorudi. Bila maandishi, wote tunabahatisha, na yeye pia.

Tunajua mtasema, "Watoto hawajashiba, mnatuambia juu ya mbwa?" Ni neno la haki na hatulipuuzi. Lakini tazameni tena yale tuliyoyaomba: maji kwenye karai, chakula kisimwagwe vumbini, mnyororo ufunguliwe, ukurasa kwenye daftari. Hayo hayamnyang'anyi mtoto chochote. Sindano tatu za bure ndizo zinazomnyang'anya, na mbuzi wawili wakichukuliwa usiku kwa sababu mlinzi amelala mgonjwa, hiyo ni karo ya muhula iliyokwenda.

Maswali ya kuzungumzia kwenye mkutano

1. Ni wangapi kati yetu wenye chombo cha maji cha mbwa? Wasio nacho wanaweza kukipata vipi wiki hii?
2. Mwaka uliopita tulinunua dawa za mbwa mara ngapi bila kupimwa? Jumla ilikuwa pesa ngapi?
3. Dalili gani zinatofautisha homa ya kupe na ugonjwa wa kibofu? Mmoja awaeleze wengine bila kusoma.
4. Nani ataandika barua kwa ofisi ya mifugo, na ataleta jibu lini?